Kukagua Saa ya Mfukoni Kabla ya Kuitengeneza, Kuinunua au Kuiyeyusha: Mwongozo kwa Mafundi na Masonara wa Kasongo na Kabambare

Mwongozo huu ni wa mafundi saa, masonara na wanunuzi wa dhahabu wa Kasongo, Kabambare na Salamabila. Hao ndio wanaoletewa saa ya zamani ya mfukoni ikiwa imeviringishwa kwenye kitambaa, na mwenyewe anataka itengenezwe, inunuliwe au ipimwe dhahabu. Lolote analotaka, kuna swali moja linalotangulia: je, kasha, mashine, uso na mishale vilitoka pamoja kiwandani, au vilikutanishwa baadaye na mkono wa fundi?

Kukutanishwa si kosa. Saa iliyoishi miaka mia katika nchi ya mvua, kutu na vita haikufika kwetu bila msaada. Fundi fulani alichukua gurudumu kwenye saa iliyokufa akaokoa iliyo hai, na alifanya kazi ya maana. Kosa ni kuiuza saa ya mchanganyiko kwa bei ya saa kamili, au kumtoza mteja pesa za matengenezo ya mashine ambayo haiwezi kukaa sawa ndani ya kasha lile hata ifanyiwe nini.

Hadithi ya saa na umri wa saa

Mteja huanza na hadithi: "Papa fundi, hii ni ya Tippu Tip mwenyewe." Msikilize kwa heshima, andika anachosema, kisha fungua saa. Kasongo ni mji wenye historia nzito, na hadithi za namna hiyo zina pa kuanzia. Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, aliufanya makao yake makuu; majeshi ya kamanda wa Kibelgiji Dhanis yaliuteka tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare ikaanguka mwanzoni mwa 1894. Wakafuata maafisa wa Kibelgiji, mapadre, wenye maduka, na wafanyakazi wa shirika la reli la CFL lililofungua njia ya Kindu hadi Kongolo mwaka 1911. Watu wote hao walihitaji saa. Lakini hadithi ikiachwa bila kupimwa hugeuka kuwa bei, na wa kulaumiwa mwishoni huwa fundi aliyeithibitisha kwa kunyamaza.

Kuna alama chache zinazopima umri bila ubishi. Jina Omega lilipewa mashine mpya iliyotoka mwaka 1894, na kampuni yenyewe ikalichukua mwaka 1903. Tippu Tip aliondoka Kongo mwaka 1890 na kufia Zanzibar mwaka 1905. Kwa hiyo Omega "aliyoiacha Kasongo" haipo. Maneno "Swiss" au "Swiss Made" chini ya uso yalienea baada ya sheria ya forodha ya Marekani ya mwaka 1890 iliyodai bidhaa zioneshe nchi zilikotoka. Medali zilizochorwa kwenye mfuniko wa ndani nazo zina miaka yake: saa inayotaja tuzo kuu ya maonyesho ya Paris ya 1900, kama zilivyofanya Omega na Zenith, haikutengenezwa kabla ya mwaka huo. Na ukiona juu ya balansi springi ndogo yenye umbo la kinubi, inayokinga mhimili usivunjike saa ikianguka, hiyo ni Incabloc, kifaa cha miaka ya 1930.

Kipande kimoja kikiwa kichanga kuliko vingine, usikimbilie kusema hadithi ni ya uongo. Huenda kasha ni la kale kweli na mashine ndiyo iliyobadilishwa. Hapo ndipo kazi inapoanza.

Kasha na namba zake

Fanyia kazi juu ya kitambaa cheupe, mchana, ukiwa na kioo cha kukuzia kinachokuza mara kumi. Fungua mfuniko wa nyuma, kisha ule wa ndani. Kabla ya kugusa kitu piga picha kwa simu, kwa sababu ukishasafisha umefuta nusu ya ushahidi.

Watengeneza makasha wa Uswisi walikuwa na desturi ya kupiga namba moja kwenye kila mfuniko, ama namba nzima, ama tarakimu zake mbili au tatu za mwisho. Saa yenye namba inayoishia 417 mgongoni itakuwa na 417 kwenye mfuniko wa ndani, na mara nyingi kwenye mviringo unaoshika kioo na kwenye ukingo wa kasha pia. Namba ndogo ikitofautiana, mfuniko huo umetoka kwenye kasha jingine. Tazama pia bawaba: mfuniko wa asili hujifunga kwa sauti moja, na bawaba yake hulala sawasawa kwenye kasha, wa kuazima huacha mwanya upande mmoja, au bawaba yake ina alama za tupa na risasi ya kuchomelea.

Kwa saa za Uingereza za fedha kuna simba anayetembea, alama ya mji (nanga kwa Birmingham, kichwa cha chui kwa London) na herufi ya mwaka. Herufi ya mwaka iliyoko kwenye mfuniko na ile ya kwenye mwili wa kasha zilinganishwe. Kati ya hizo, saa za kutiwa kwa ufunguo zina faida nyingine: mtengeneza kasha aghalabu alirudia ndani ya kasha namba iliyochorwa kwenye mashine. Zikilingana, umepata ndoa halali.

Usiitegemee desturi hiyo kwa kila nchi. Waltham na Elgin za Marekani zilitengenezwa kwa vipimo vinavyofanana, mnunuzi akachagua mashine dukani na kasha akalichagua kwenye sanduku jingine. Namba za mashine na kasha hapo hazilingani tangu siku ya kwanza, na tofauti hiyo si dosari. Omega nazo zilikuwa na namba moja ya mashine na nyingine ya kasha. Kinachotakiwa kwa saa za namna hii ni kulingana kwa umri, si kwa namba.

Mfuniko wa ndani ni shahidi

Mafundi wengi huupita mfuniko wa ndani haraka, nao ndio unaosema mengi kuliko kipande kingine chochote. Umeandikwa Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tunaisoma, na unaeleza mashine iliyokusudiwa kukaa chini yake. Ukisoma "Ancre, 15 rubis", tarajia kukuta mashine ya ankra yenye mawe kumi na tano mekundu. Ukisoma "Cylindre, 8 trous en rubis", tarajia silinda: hakuna ankra, gurudumu la mwisho lina meno marefu yaliyoinuka, na linagusana moja kwa moja na mhimili wa balansi. Maandishi yakisema silinda na macho yakaona ankra, mfuniko na mashine havijuani.

Tazama matundu pia. Mfuniko wenye matundu mawili, moja la kutia ufunguo na jingine la kusogeza mishale, ulikuwa wa saa ya ufunguo. Ikiwa mashine iliyo chini yake inatiwa kwa taji la juu, mfuniko huo ni mgeni. Neno "Remontoir", yaani saa ya kutiwa kwa taji, likiwa limechorwa juu ya mashine ya ufunguo ni kosa lilelile kwa upande wa pili.

Hapa niseme jambo kuhusu saa za Roskopf. Georges-Frédéric Roskopf alitoa saa yake mwaka 1867 akikusudia mfanyakazi aweze kuinunua kwa faranga 20. Badala ya mawe, ankra yake ina vijiti vya chuma. Waigaji walikuwa wengi, na jina hilo utalikuta limeandikwa kwa tahajia zisizo sahihi. Mgongoni mwa nyingi za saa hizo za bei nafuu pamechorwa garimoshi, na wauzaji hupenda kudai kwamba ni "saa ya reli". Garimoshi mgongoni ni pambo tu. Halithibitishi kwamba saa ilitolewa na shirika lolote la reli. Na mashine ya vijiti ikikutwa ndani ya kasha la dhahabu lenye mfuniko unaotaja ankra na mawe 15, mtu aliuza mashine nzuri akabakiza kasha. Hiyo si saa kamili.

Mashine inakaaje ndani ya kasha

Shika kasha bila kulifunga, uisukume mashine kwa ncha ya kijiti cha mbao. Isicheze. Inayocheza, au iliyotulizwa kwa karatasi, bati au kipande cha waya pembeni, ni ya kipimo kingine. Tafuta skrubu mbili zinazoishika mashine kwenye ukingo wa kasha. Vichwa vyake huacha mikwaruzo myembamba pale vinapokaza. Ukiona mikwaruzo kama hiyo mahali pasipo na skrubu, kasha limewahi kubeba mashine nyingine. Tundu la kijiti cha taji nalo lazima liwe katikati ya shingo. Likiwa limepanuliwa kwa tupa, au kijiti kikiinama kidogo kinapovutwa, ni dalili ileile. Na kuna makasha yenye kitufe kidogo kando ya shingo, cha kubonyeza wakati wa kusogeza mishale. Mashine isiyokihitaji imewekwa humo baadaye.

Jambo la kukagua kwa makini zaidi ni mahali pa taji. Saa ya uso wazi hutengenezwa taji likiwa juu ya 12 na mshale wa sekunde ukiwa kwenye 6, yaani vyote katika mstari mmoja unaopita katikati. Saa ya mfuniko wa mbele, ile inayofunguka kwa kubonyeza taji, ina taji kwenye 3 na sekunde kwenye 6. Mashine za aina hizi mbili zimepangwa tofauti tangu kiwandani. Kwa hiyo saa ya uso wazi ambayo taji lake liko kwenye 3 aghalabu ni mashine iliyotolewa kwenye kasha la mfuniko, pengine kwa sababu kasha hilo la dhahabu liliyeyushwa. Ziko chache zilizotoka hivyo kiwandani, ndiyo maana usihukumu kwa dalili hii peke yake. Lakini ikiambatana na mikwaruzo ya skrubu ngeni, hukumu imeshapatikana.

Uso na mishale

Uso wa saa za zamani mara nyingi ni wa enameli juu ya bamba la shaba, wenye miguu miwili au mitatu inayoingia kwenye matundu ya mashine na kukazwa kwa skrubu ndogo za pembeni. Miguu ikiwa imekatwa na uso kubandikwa kwa gundi, uso si wa mashine ile. Tazama pia tundu la sekunde: mhimili ukikaa pembeni mwa tundu, hata kwa unene wa karatasi, miguu ya uso na matundu ya mashine havikupimwa pamoja.

Uso wenye tarakimu za Kiarabu unastahili uangalifu wa pekee. Viwanda vya Uswisi na Uingereza vilitengeneza saa kama hizo kwa soko la Uturuki ya Wasultani. Katika mji kama Kasongo, wenye Waislamu wengi tangu enzi za Waungwana, yaani Waswahili na Waarabu wa misafara, uso huo huvutia macho na huongeza bei, hivyo ndio kipande cha kwanza kinachofaa kushukiwa. Ukague miguu yake kabla ya kusifu uzuri wake.

Mshale wa dakika ufike kwenye mstari wa dakika, na wa saa ufike kwenye ukingo wa ndani wa tarakimu. Mfupi au mrefu kupita hapo umeazimwa. Mishale miwili iwe na umbo moja na buluu moja; buluu ya chuma kilichochomwa motoni humeta na kubadilika ukiigeuza kwenye mwanga, ile ya rangi ya kupaka haibadiliki.

Tahadhari: ikiwa tarakimu au mishale imepakwa unga wa kijani au kahawia wa kung'aa gizani, huo waweza kuwa na rediamu, hata kama haung'ai tena. Usiukwangue, usiupulize, usile karibu nao, na uoshe mikono. Watoto wasiichezee saa hiyo.

Kusoma mashine yenyewe

Mteja akikubali kulipia, fungua vidaraja kimoja kimoja. Upande wa chini wa kila kidaraja, chini ya uso, na kwenye bamba la msingi, mafundi wa kiwandani waliweka namba fupi ya kuunganishia. Namba hiyo haikukusudiwa mnunuzi aione, na kwa sababu hiyo wachanganyaji huisahau. Kidaraja cha balansi ndicho kinachobadilishwa zaidi, kwa kuwa mhimili wa balansi huvunjika saa inapoanguka na fundi asiye na mhimili huchukua balansi nzima pamoja na kidaraja chake. Linganisha namba, linganisha rangi ya mchovyo wa dhahabu au nikeli, na uangalie kama mistari ya mapambo inavuka kutoka kidaraja kimoja hadi kingine bila kukatika. Skrubu moja yenye kichwa cheupe kati ya skrubu za buluu si jambo kubwa. Nne za namna nne ni historia ya matengenezo manne.

Spirali nayo ina siri yake. Balansi ya zamani yenye skrubu kuzunguka ukingo, na ukingo wenyewe umekatwa sehemu mbili, imeungwa kwa metali mbili ili isahihishe joto, na iliundwa kwa spirali ya chuma cha buluu. Mswisi Charles Édouard Guillaume, aliyepata tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1920, ndiye aliyegundua aloi ya elinvar isiyobadilika sana kwa joto. Spirali za ukoo huo ni nyeupe na hufaa balansi nzima isiyokatwa. Spirali nyeupe juu ya balansi iliyokatwa ni mchanganyiko, na saa hiyo itabadilika kati ya baridi ya alfajiri na jua la saa nane mchana hata uirekebishe vipi.

Huna mashine ya kupimia mwendo? Vipimo vitatu vinatosha. Kwanza, zungusha mshale wa dakika mizunguko 12 kamili. Mshale wa saa lazima urudi palepale ulipoanzia. Usiporudi, magurudumu ya chini ya uso yametoka saa mbili tofauti. Pili, iache saa itembee: kila mshale wa sekunde unapomaliza mzunguko, wa dakika uwe umesogea alama moja, si pungufu wala zaidi. Tatu, rekodi mlio kwa simu kisha uusikilize taratibu. Mashine nyingi za Uswisi na Marekani za karne ya 20 hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 60 katika sekunde 12. Mashine kongwe za Kiingereza huweza kupiga 14,400 au 16,200. Mashine ya 18,000 ikiwahi nusu saa kwa siku hata baada ya kusukuma mshale wa kurekebisha hadi mwisho wa "R", upande wa kuchelewesha, shuku spirali au balansi.

Ila kabla ya kushuku, sogeza dira karibu na saa. Spika ya simu ina sumaku, na saa iliyowekwa mfuko mmoja na simu hushika sumaku ikawahi vibaya. Hilo linatibika kwa dakika moja na si kosa la kipuri.

Upande wa dhahabu

Mnunuzi wa Salamabila aliyezoea vumbi la dhahabu la machimbo ya Namoya hupata hasara kwenye saa, kwa sababu kasha halina metali moja. Alama za Uswisi zilizowekwa chini ya sheria ya mwaka 1880 ni kichwa cha mwanamke kwa dhahabu ya 0,750, kindi kwa ile ya karati 14, dubu kwa fedha ya 0,875 na kwale mwitu kwa fedha ya 0,800. Alama hiyo inasemea kipande kilichopigwa, haisemei jirani yake. Mfuniko wa ndani mara nyingi ni shaba, na waaminifu waliuandika "métal" au "cuivre". Maneno "plaqué" na "doublé", au dhamana ya Kimarekani ya miaka 20 au 25, yanamaanisha dhahabu ya juu tu.

Chukua mfano. Kasha bila mashine na bila kioo lina gramu 34, na limepigwa 0,750. Ukizidisha moja kwa moja unapata gramu 25.5 za dhahabu safi. Lakini mfuniko wa ndani ni shaba wenye gramu 7, na springi za chuma ndani ya shingo na ukingo ni gramu 1. Zinabaki 26, na dhahabu safi ni gramu 19.5. Tofauti ya gramu 6 ni zaidi ya nusu tola. Kwa hiyo jaribu kwa asidi kila sehemu peke yake: mifuniko yote, ukingo, shingo, na ile pete ya juu, ambayo huchakaa mapema na kubadilishwa kwa shaba.

Saa iliyolingana ya kiwanda chenye jina huweza kuuzwa kwa zaidi ya uzito wa dhahabu yake, na mashine iliyobaki bila kasha haina thamani kubwa. Masonara wengi hapa hawaamini mpaka wameshayeyusha.

Stakabadhi na sheria

Andika ulichokiona kwa maneno ya kawaida: "Kasha la fedha la Uswisi, mashine ya ankra, mfuniko wa ndani si wake, mishale imebadilishwa." Weka namba zote na picha, mteja atie sahihi, na kila mmoja abaki na nakala. Stakabadhi hiyo humlinda fundi siku mteja atakaporudi akidai ulimwibia balansi ya asili.

Ukikuta jina la mtu, la misheni au la kampuni limechorwa mgongoni, uliza saa ilipatikanaje, na usilifute hata mteja akiomba. Kongo ina ordonansi-sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inayohusu ulinzi wa mali za utamaduni; mtu anayetaka kuvusha mpaka saa yenye uhusiano wa kweli na historia ya Maniema aelekezwe kwanza kwenye ofisi ya utamaduni, wala fundi asimwahidi mnunuzi wa Bujumbura au Dar es Salaam kwamba itapita bila karatasi.

Na wewe sonara unayesoma haya ukiwa umeshawasha moto: itoe mashine kwanza, andika namba zake, umwoneshe mwenye saa kilichomo ndani, kisha umuulize tena kama bado anataka kuyeyusha.